Mizani Bila Kalamu

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa sokoni. Tangu nimalize kidato cha nne, riziki yangu iko kwenye mizani ya Mjomba, pale Tandale, tunapouza mahindi, maharage na mchele. Asubuhi napima, mchana napima, jioni nafagia punje zilizomwagika. Usiku, watu wakishalala, ndipo nakuwa mtu mwingine. Nafungua kaunta buku langu na kuandika riwaya. Riwaya yenyewe haijaisha, na kwa sababu ya haya nitakayokusimulia, nimelazimika kuianza upya.

Chanzo ni swali la darasani. Kidato cha pili tulikuwa tunasoma biashara ya masafa marefu: misafara ya Sahara, majahazi ya Bahari ya Hindi, dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa. Jamaa mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na hao Wazungu wakati huo walikuwa wanafanya nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Kengele ikalia, swali likabaki hewani. Kwangu mimi halikuondoka. Miaka ilipita, na siku moja kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa kando ya barabara nikakutana na ramani ya bahari nisiyoijua. Nikanunua kitabu kwa bei ya chai na maandazi. Kile kikanipeleka kwenye kingine, na kingine, mpaka Mjomba akaanza kuniuliza kama nitafanya mtihani.

Bahari yenyewe ni ya Baltiki. Iko kaskazini mwa Ulaya, imezungukwa na Uswidi, Ufini, Urusi, Polandi, Ujerumani na wengineo, na inatokea bahari kuu kwa vilango vyembamba vya Denmaki. Kati ya miaka ya 700 na 1000, kandokando yake ilichipuka miji ya biashara ambayo leo mingi ni majani tu na ng'ombe wanachunga juu yake. Nitakutajia michache.

Upande wa mashariki kulikuwa na Staraya Ladoga, kando ya mto Volkhov, Urusi ya leo. Mbao zake za zamani kabisa zilikatwa mwaka 753. Upande wa kusini, karibu na mji wa Elbląg wa Polandi, kulikuwa na Truso, mji uliopotea kabisa mpaka wanaakiolojia walipoupata mwaka 1982. Kwenye shingo ya Denmaki, mahali ambapo leo ni Ujerumani, kulikuwa na Hedeby. Huu ulikuzwa kwa mabavu: mwaka 808 mfalme Godfred wa Wadenmaki alivunja mji wa Reric, bandari ya Waslavi, akawachukua wafanyabiashara wake na kuwahamishia kwake ili ushuru uingie mfukoni mwake. Wazee wa kazi! Hakuhamisha mali, alihamisha wenye mali.

Na upande wa Uswidi kulikuwa na Birka, kwenye kisiwa cha Björkö, karibu kilomita 30 magharibi ya Stockholm. Birka ilianza yapata mwaka 750. Usidhani ulikuwa mji mkubwa. Wakazi wake walikuwa kati ya 500 na 1,000, yaani pungufu ya watu wa mtaa mmoja wa uswahilini. Lakini vitu vilivyopita mikononi mwao, bwana wee, vilitoka nusu ya dunia. Kulikuwa na manyoya ya wanyama wa misitu ya kaskazini, nta, asali, chuma na pembe za kulungu za kuchongea vitana. Kulikuwa na kaharabu, ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka jiwe la rangi ya asali. Kutoka mbali zilikuja hariri, shanga za akiki na vioo vya Wafranki wa Rhine. Na juu ya vyote, fedha.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu lugha yetu inatusaidia. Sisi tunasema fedha tukimaanisha madini meupe, na tunasema fedha tukimaanisha pesa. Kwa watu wa Baltiki ya wakati ule, mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja kwa vitendo. Hawakuhesabu sarafu, walizipima. Sarafu nzima, sarafu iliyokatwa nusu, kipande cha bangili, ncha ya pete, vyote vilitupwa kwenye mizani. Anayetia shaka alikunja kipande au akakichoma chale kwa ncha ya kisu aone kama ndani ni fedha kweli. Kuanzia miaka ya 870 hivi, mawe ya mizani ya namna moja yalienea pwani yote: vibonge vya chuma vilivyovikwa shaba, kwa mfano uliotoka nchi za Waislamu. Mizani yenyewe ilikuwa midogo, ya kukunja, inaingia kwenye kijaluba cha kiganjani. Wengine walizikwa nayo.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Nilimwambia Mjomba kwamba kuna watu walizikwa na mizani zao. Akanijibu bila kuinua macho: "Waliogopa kupunjwa ahera."

Sasa fedha hiyo ilitoka wapi? Kaskazini hawakuwa na migodi ya fedha wakati ule. Ilitoka Asia ya Kati, kwenye nchi zilizotawaliwa na Wasamani, na pia Iraki na Uajemi chini ya makhalifa wa Baghdad. Ilikuwa katika umbo la dirhamu, sarafu nyembamba ya uzito wa gramu 3 hivi. Ilipanda mto Volga, ikapita kwa Wakhazari na soko la Bulgar, ikabebwa na mitumbwi na kuburutwa juu ya ardhi kutoka mto mmoja hadi mwingine, mpaka Ladoga, kisha baharini. Mwaka 1999, katika shamba la Spillings kwenye kisiwa cha Gotland, ilifukuliwa hazina ya kilo 67 za fedha. Ndani yake mlikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za nchi za Kiislamu, na ile ya mwisho kabisa ni ya mwaka 870 hivi. Aliyezificha hakurudi kuzichukua.

Msomaji, tazama sasa kitu ambacho kilininyima usingizi. Dirhamu haina picha ya mfalme. Imejaa maandishi tupu: maneno ya dini, jina la mji ilikopigwa, na mwaka. Kwa maandishi hayo wataalamu wa leo wanajua hazina ilifukiwa lini. Maana yake, watu wa Birka na Hedeby walishika mikononi maelfu kwa maelfu ya maneno yaliyoandikwa vizuri, wakayakata kwa patasi na kuyapima kwa gramu. Kwao maneno yale yalikuwa uzito tu.

Si kwamba hawakujua alama zozote. Walikuwa na runi, herufi za kuchonga kwenye mti, mfupa na jiwe. Karibu na Hedeby kuna jiwe ambalo mfalme Svein alilisimamisha kumkumbuka mtu wake Skarthi aliyekufa pale. Lakini runi walizotuachia ni mstari mmoja, miwili, jina la bwana na jina la aliyemlilia. Hawakutuachia kitabu, wala barua ndefu, wala hadithi ya siku moja sokoni. Karibu kila sentensi tuliyonayo juu ya miji hii iliandikwa na mgeni.

Basi tuwasikilize wageni wenyewe.

Wa kwanza ni Ansgar, mtawa wa Kikristo aliyeondoka kwenda Birka mwaka 829. Njiani maharamia waliwavamia. Waliporwa merikebu na zawadi za mfalme, na pia karibu vitabu 40. Ansgar akafika Birka akiwa na nafsi yake. Mimi kila nikifikiria vitabu 40, katika nchi isiyokuwa na hata kimoja, najiuliza maharamia walivifanyia nini. Labda waling'oa madini ya majalada, wakayapima.

Wa pili ni Wulfstan, baharia ambaye taarifa yake iliandikwa Uingereza zama za mfalme Alfred, mwishoni mwa miaka ya 800. Alisafiri kutoka Hedeby hadi Truso, siku saba usiku na mchana, tanga likiwa juu muda wote. Kule aliwakuta Waesti. Anasema wafalme na matajiri wao walikunywa maziwa ya farasi, na maskini na watumwa walikunywa pombe ya asali. Yaani wanzuki ilikuwa ya walalahoi, kama kwetu tu! Anasema pia kwamba tajiri akifa hazikwi upesi. Anakaa ndani mwezi, miwili, na mfalme hata nusu mwaka, huku watu wakinywa na kucheza kwa mali yake. Siku ya kumchoma, kinachobaki hugawanywa mafungu, yakawekwa njiani kwa umbali tofauti, na wenye farasi wepesi wakashindania. Warithi wanatazama tu. Ama kweli mali ya marehemu haikosi mbio.

Wa tatu ni mtu wa Andalusia, at-Tartushi, aliyefika Hedeby yapata mwaka 965. Maneno yake yalihifadhiwa na al-Qazwini karne tatu baadaye. Mtu huyu hakufurahia safari. Aliona mji mkubwa mwisho kabisa wa bahari, maskini, chakula chake samaki. Aliona watoto wachanga wakitupwa baharini ili kukwepa gharama ya kuwalea. Aliona wanawake wenye haki ya kuwaacha waume zao wapendapo, na wanaume kwa wanawake wakipaka wanja. Kisha akasikia wanaimba. Akaandika kwamba hajapata kusikia uimbaji mbaya kuliko ule, kwamba ulitoka kooni kama mlio wa mbwa, ila umezidi unyama.

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Kwani waliimba nini? At-Tartushi hakujua lugha yao, na wenyewe hawakuandika. Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, wimbo wa Hedeby umebakia kuwa mlio wa mbwa. Pengine ulikuwa wimbo wa harusi, au wa mama aliyefiwa. Mgeni husimulia kile sikio lake lilichozoea.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wageni waliliona, nami nililipita mara mbili kabla halijanikaba koo. Kaskazini walitoa nini hasa kulipia fedha zote zile? Manyoya, ndiyo, na mapanga, na nta. Pamoja na hayo, watu.

Ibn Fadlan alitumwa na khalifa kutoka Baghdad mwaka 921, na mwaka uliofuata akawaona wafanyabiashara wa Rus kwenye mto Volga. Anaeleza jinsi mmoja wao anavyoshuka chomboni na mkate, nyama, vitunguu na maziwa, akasujudu mbele ya gogo lenye sura ya mtu, akalitajia idadi ya wasichana na ngozi alizoleta, kisha akaliomba limletee mteja mwenye dinari na dirhamu nyingi, asiyebishana bei. Nilimsomea Mjomba dua ile akaipenda sana. "Huyo ni mfanyabiashara halisi," akasema. Nikamwambia: "Mjomba, bidhaa ya kwanza aliyoitaja ni wasichana." Akanyamaza kidogo.

Ibn Fadlan anasema pia kwamba Mrusi akifikisha dirhamu 10,000 humtengenezea mkewe pete ya shingoni, akizidisha humwongezea nyingine. Nilipiga hesabu, maana kazi yangu ni hiyo. Dirhamu 10,000 ni kilo 30 za fedha. Kilo 30 hizo zilihesabiwa kwa pete moja shingoni mwa mke, na sehemu yake ilitoka kwenye shingo za wengine.

Shingo hizo zimeacha ushahidi. Pingu za chuma zimefukuliwa Birka na Hedeby. Hata neno la mtumwa katika Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani limetokana na jina la Waslavi, kwa jinsi walivyokamatwa na kuuzwa. Na iko habari moja ambayo nakuomba uisome taratibu.

Rimbert, askofu mkuu wa Hamburg na Bremen kuanzia 865 hadi 888, siku moja alipita Hedeby. Akaona mateka wengi Wakristo wakiburutwa kwa minyororo. Katikati yao alikuwamo mwanamke aliyefungwa shingoni. Alipomwona askofu, mwanamke yule akainamisha kichwa, kisha akaanza kuimba zaburi kwa sauti, ili askofu ajue kwamba yeye ni mtawa. Aliyeandika maisha ya Rimbert anasema askofu aliomba, na mnyororo ukakatika. Hata hivyo walinzi hawakumwachia. Askofu akawapa hiki na kile, wakakataa. Walitaka farasi aliyempanda, pamoja na tandiko. Akashuka, akawapa farasi, akamchukua mwanamke.

Habari inaishia hapo. Jina la mwanamke halikutajwa. Na wale wengine je, waliokuwa kwenye mnyororo uleule, wasiojua zaburi? Mwandishi hakuwaandika tena. Farasi alikuwa mmoja.

Usiku huo nilifungua kaunta buku langu. Riwaya yangu ilikuwa imefika ukurasa wa 83. Shujaa wake alikuwa kijana mfanyabiashara wa Hedeby, hodari, mwenye mizani mfukoni, anasafiri hadi Ladoga na kurudi na fedha. Nilisoma kurasa zote 83 nikitafuta mateka. Hakukuwamo hata mmoja. Fedha ilikuwa inamjia shujaa wangu kama mvua. Mimi, mtoto wa pwani hii, niliyefundishwa toka shule ya msingi habari za minyororo ya Bagamoyo na Zanzibar, nilikuwa nimefanya kosa lilelile: nimepima mali bila kuuliza imetoka wapi.

Nilimweleza Mjomba kesho yake. Alikuwa anafunga gunia. Akasema: "Mizani haina kosa, mwanangu. Mizani haiulizi gunia limetoka shamba la nani. Wa kuuliza ni mtu."

Miji ile ilikufa. Fedha ya mashariki ilipungua kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 900, na mwanzoni mwa miaka ya 1000 ikakauka. Ulaya ikageukia fedha ya milima ya Harz, Ujerumani. Huko Birka hata ardhi yenyewe ilikuwa inainuka taratibu, kama inavyofanya mpaka leo pwani ile, na njia ya maji ya kusini ikawa na kina kifupi. Yapata mwaka 975 Birka iliachwa, na Sigtuna ikainuka mahali pengine. Hedeby ilichomwa na Harald Hardrada wa Norwei mwaka 1050, ikavamiwa na Waslavi mwaka 1066, wakazi wakahamia Schleswig ng'ambo ya maji.

Birka ilibaki udongo mweusi wa jivu, mifupa na taka za karne mbili. Mwaka 1871 alikuja Hjalmar Stolpe, mtaalamu wa wadudu. Alikuwa anatafuta kaharabu yenye wadudu walionasa ndani. Akaikuta kaharabu nyingi kupita kawaida, akatambua kwamba amekanyaga mji wa biashara, na maisha yake yakabadilika. Alichimba makaburi yapata 1,100. Moja alilolifukua mwaka 1878 lilikuwa na upanga, shoka, mishale, farasi wawili na mchezo wa kete. Wote wakasema: shujaa wa kiume. Mwaka 2017 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba mifupa ni ya mwanamke. Karibu miaka 140 aliitwa mwanaume, naye hakuwa na mstari hata mmoja wa kujitetea.

Na sisi wa huku? Yuko mwandishi mmoja anayeziunganisha pwani hizi mbili. Al-Masudi wa Baghdad alifika pwani ya Zanj, na mwaka 916 alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman. Aliandika juu ya Wazanj na pembe zao za ndovu, na aliandika pia juu ya Warusi waliovamia bahari ya Kaspi. Kalamu moja, pande mbili za dunia, na pande zote mbili zikiandikwa na mgeni. Miaka ileile ambayo mizani za kukunja zilikuwa zinaenea Baltiki, kati ya 869 na 883, watumwa walioitwa Zanj walikuwa wameasi kusini mwa Iraki. Walipigana miaka 14, na habari zao pia tunazipata kwa maneno ya mahasimu wao.

Ndiyo maana nakuandikia wewe kijana mwenzangu unayeficha daftari chini ya godoro, ukiogopa washikaji watakucheka. Jirani yako anayeimba akifua, mchukuzi anayebeba gunia la lumbesa asiyejulikana jina lake ila "wewe mwenye shati jekundu", hao wote hawana jiwe la runi. Akipita mgeni ataandika alichosikia, na pengine atasikia mbwa.

Riwaya yangu sasa iko ukurasa wa 12. Inaanza Hedeby, gatini. Mtawa ameshaondoka na askofu. Kwenye mnyororo, nyuma ya nafasi aliyoiacha, amesimama mwanamke mwingine. Nimempa jina.